Jibu Lililotoka Maktaba

Mtihani wa muhula ulipoonekana kwenye kompyuta za wanafunzi kabla ya siku yake, mkuu wa chuo aliniita ofisini na hakunipa kiti. Alisema hataki kujua nani kafanya nini. Alichotaka ni ofisi na wanafunzi wasikutane tena kwenye waya.

"Hii kitu yenu ya kompyuta," akaniambia, "ama uigawanye, ama uitoe."

Nilijibu "Sawa, sir," nikatoka na hasira hadi masikioni, kwa sababu kitu chenyewe hakikuwa changu. Swichi ilikuwa msaada wa wafadhili, nami nilikuwa na miezi michache tu kazini. Lakini katika chuo kile kizima, hapo Nyeri mjini, mimi ndiye niliyekuwa nimepelekwa Nairobi kufundishwa jinsi ya kuiendesha. Mwishoni mwa miaka ya tisini hilo lilitosha kumfanya msichana wa Majengo aitwe mtaalamu asubuhi na mwizi wa mitihani jioni.

Ngoja niieleze hiyo swichi, maana ndiyo iliyoleta yote. Ni sanduku bapa lenye matundu mengi ya kuchomeka waya, na kila waya unakwenda kwenye kompyuta fulani. Ikiachwa ilivyo, kompyuta zote zinasikilizana kama watu wa nyumba isiyo na milango. Lakini unaweza kuiunganisha na kompyuta yako kwa waya wake maalumu, ukaiandikia amri kwamba matundu haya ni mtandao wa ofisi na yale ni mtandao wa wanafunzi. Migawanyo hiyo inaitwa VLAN. Sanduku linabaki moja, umeme mmoja, hakuna waya unaokatwa, ila upande huu ukiita, upande wa pili hausikii hata mnong'ono. Niliipenda kazi hiyo. Mpaka leo sijui kazi nyingine ambayo mtu anajenga ukuta bila kushika tofali.

Swichi ilikaa kwenye kabati la chuma ndani ya ofisi ya hesabu, kwa kuwa ndiyo ofisi iliyokuwa na vyuma madirishani. Kabati lilikuwa nyuma ya kiti cha karani, kwa hiyo nikifanya kazi nilikuwa naangalia kisogo chake.

Karani alikuwa mzee wa Mukurweini, mjane aliyefiwa na mkewe, watoto wake wote wameshaondoka nyumbani. Kila Jumatatu alikuja na ndizi mbivu za shambani kwake, akaziweka mezani kwa yeyote anayepita. Alikuwa na kigugumizi kikali. Neno lilimkwama kooni, macho yakafumba, mkono ukaanza kupigapiga paja, na hapo kila mtu chuoni alimsaidia kwa kulimalizia. Akianza "Ri-ri-ri," tulishasema risiti. Mimi nilikuwa wa kwanza kumalizia, maana sina subira hata ya maji kuchemka. Mara nyingi tulikosea, na yeye kwa upole akachukua hilo neno tulilompa, akaendelea nalo.

Lakini kwenye kibodi mzee huyo alikuwa na mbio. Kulikuwa na programu ndogo iliyokuja bure na kompyuta, ya kutumiana vijibarua. Unaandika mistari miwili mitatu, inaruka kwenye kioo cha mwenzako. Karani alikuwa akiandikiana na mkutubi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu ambaye hakuwahi kuolewa, mrefu, mkavu, anayeweza kunyamazisha darasa zima kwa kuvua miwani. Kompyuta zao zilinunuliwa pamoja, na aliyenitangulia kazini alizipanga zikae kikundi kimoja, basi kikundi chao kilikuwa cha watu wawili. Nilikuwa nikimsikia karani akicheka peke yake. Sikusoma maneno yao. Haya, nilisoma mara moja.

Karani alikuwa ameandika: "Madam, kitabu ulichoniazima kina kurasa mbili zimeshikana. Nimeziacha hivyo, pengine zinapendana."

Jibu likaruka: "Hicho ni kitabu cha serikali. Zitenganishe polepole na kisu cha siagi."

Mtu angeuliza kwa nini hawakukutana tu wakaongea. Aulizaye hivyo hajawahi kufanya kazi chuoni. Kutoka ofisi ya hesabu mpaka maktaba unakatiza uwanja wa nyasi mbele ya madirisha ya chumba cha walimu, na walimu wale, Mungu awape maisha marefu, wangempa mjane wa watu jina la utani kabla hajafika katikati. Halafu akifika, atasema nini na ulimi ule?

Basi Jumamosi nikaigawa swichi. Ofisi zote nikaziweka upande mmoja na chumba cha kompyuta upande wa pili. Maktaba ilikuwa na waya mmoja tu, uliopita ardhini chini ya ule ua wa miiba, wa kaiyaba, na kule mwisho kulikuwa na kisanduku cha kuugawanya kwenda kompyuta za wanafunzi na ile ya mezani kwa mkutubi. Waya mmoja ni tundu moja, na tundu moja haliwezi kuwa pande mbili. Kwa vile wanafunzi ndio waliokuwa wengi mle ndani, maktaba nzima nikaihesabu ya wanafunzi. Nikaenda kukaa kule, nikaiita kompyuta ya mitihani. Kimya. Nikaita tena, kimya. Nilijipigia makofi peke yangu na kwenda nyumbani kula.

Jumatatu karani alikuja na tai. Alikuwa amenyolewa vizuri, na ndizi zake aliziweka mezani bila kumkaribisha mtu. Alikaa mbele ya kioo tangu asubuhi na hakugusa faili hata moja. Mlango ukilia, hakugeuka. Kioo kikijizima chenyewe kwa kutoguswa, alikurupuka kukiwasha. Kufikia saa ya kwenda nyumbani alikuwa amekifunika kwa kile kitambaa chake cha vumbi, taratibu, kama mtu anayefunika sufuria ya chakula cha mgeni ambaye hakuja.

Siku zilizofuata alikuwa mtu mwingine. Hakucheka. Ndizi zikaanza kuwa nyeusi palepale mezani, nikamwomba nimpelekee mama akakandie mandazi, akatikisa kichwa tu kwamba nichukue. Nilimuuliza kama ni mgonjwa. Akajaribu kusema neno, likakwama, na kwa mara ya kwanza nikaona hajali kama litatoka.

Wiki hiyohiyo niliitwa maktaba kwa sababu ya kompyuta iliyogoma kuwaka. Nilipomaliza, mkutubi akanionyesha kiti kilichokuwa mbele ya meza yake.

"Nikuulize kitu, na usicheke," akasema kwa sauti yake ya chini ya maktaba. "Hii mashini inaweza kuniambia imetuma kitu, kumbe haijatuma?"

"Kutuma wapi, Madam?"

"Mahali tu."

"Ofisini?"

"Ati ni lazima iwe ofisini?" Akapanga upya vitabu vilivyokuwa vimepangwa tayari.

Nikamweleza. Programu ile ilikuwa inapaza sauti tu kwenye waya, kisha inasema ujumbe umetumwa, haingoji kuitikiwa. Na tangu Jumamosi maktaba ilikuwa mtandao mwingine. Chochote alichoandika kilifika kwenye swichi, kikakosa mlango.

"Kwa hivyo neno langu liko wapi saa hii?"

"Haliko mahali. Maneno yakikosa mlango hayawekwi."

Akavua miwani. Nilikaa wima, kwa mazoea. Lakini hakuwa amekasirika; macho yake yalikuwa mekundu pembeni, na bila miwani alionekana mdogo kuliko nilivyodhani.

"Hiyo neno ilinichukua wikendi mzima," akasema.

Ndipo nikaunganisha ile tai, ile siku nzima mbele ya kioo, na zile ndizi. Mzee bila shaka alikuwa amemuuliza habari ya kuoana Ijumaa. Jibu lilikuwa lije Jumatatu, na lilitumwa kweli Jumatatu. Katikati, Jumamosi, nilikuwa nimepita mimi na ukuta wangu.

Nilikuwa tayari mlangoni. "Wacha nimwambie, Madam. Dakika moja tu."

"Keti."

Nikaketi.

"Utamwambia nini? Hujui nilisema aje, na sitakuambia. Mimi nimesema neno langu mara moja. Mwanamke wa umri yangu akisema mara mbili, hiyo sasa ni kubembeleza. Na kama yeye ameona kimya akatosheka nacho, wacha atosheke."

"Lakini hakunyamaziwa! Ni swichi!"

"Shh," akasema. Wanafunzi walikuwa wameinua vichwa.

Jioni nilimsimulia mama. Kwetu ni nyuma ya msikiti, na mama alikuwa akikanda unga huo wenye ndizi, mikono imejaa mpaka viwikoni. Alicheka hadi akakaa chini. "Wewe ni mwanamke wa ajabu," akasema. "Watu hutenganisha mke na mume. Wewe umewatenganisha kabla hawajaoana." Kisha akaacha kucheka na kuniambia nisilale kwenye kazi hiyo, maana mtu mzima akishaamua kwamba amekataliwa huwa haulizi tena, anazeeka tu.

Nikatafuta njia. Kurudisha maktaba upande wa ofisi ilikuwa amri chache tu, ila mitihani ingekuwa uchi tena, na mkuu wa chuo angenitoa pamoja na swichi. Lakini saa ya chakula wanafunzi wote huwa kwenye bwalo wakila githeri, na maktaba hufungwa. Nikaenda kule na kuchomoa waya za kompyuta za wanafunzi kwenye kile kisanduku, moja moja, nikaacha ya mkutubi peke yake. Nikamwambia, "Madam, saa hii ya chakula laini iko wazi mpaka kengele. Mimi sijui kitu na sijaona kitu." Nikakimbia ofisini na kuandika amri, nikamwomba karani asitoke, eti namngoja mtu wa stima na ninataka mtu wa kulinda kabati. Halafu nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi nisisikie hata kibodi.

Nilikaa pale na furaha ya mtu anayepeleka zawadi. Nilihesabu kwamba huyu ataandika, yule atajibu, na kengele ikilia tutakuwa na harusi.

Kengele ililia. Niliingia. Karani alikuwa amekaa, mikono magotini, kioo kitupu. Nikakimbia maktaba. Mkutubi alikuwa amekaa vilevile mbele ya kioo kitupu, chai yake imeganda utando.

"Mbona hukuandika?" nikamuuliza, nimesahau hata kumwita Madam.

"Si yeye ndiye mwanamume? Nilikuwa nangoja aulize."

Naye karani hangeuliza tena. Kwa malezi yake, mtu ambaye hakujibiwa amejibiwa, na kurudi mlangoni ni kukosa adabu. Nilikuwa nimefanya kila kitu kinachowezekana kufanywa na swichi. Waya ulikuwa mzima, njia ilikuwa wazi, na hakuna herufi moja iliyopita. Niliketi kwenye kiti cha wanafunzi nikacheka, kisha nikaona machozi yanataka kuja, nikainuka kurudisha waya za watu kwenye kisanduku.

Nilirudi ofisini, nikarudisha ukuta mahali pake, nikafunga kabati kwa kishindo. Hasira zangu ziko karibu, wanaonijua wanajua. Nikazunguka meza na kusimama mbele ya karani.

"Mzee, nakwambia kitu cha swichi tu. Sina habari nyingine. Tangu ile Jumamosi niligawanya hii kitu, hakuna neno kutoka maktaba limeingia kwa kompyuta yako. Hata moja. Likitumwa, linapotea."

Akaniangalia. Mkono ukaanza kupiga paja.

"Ha-hata... hata Ju-Ju-Ju..."

Neno nililijua. Nililiona kabisa mdomoni mwake, na ulimi wangu ukaliandaa. Sijui nilipata wapi nguvu ya kunyamaza. Nilikaa kwenye ukingo wa meza nikangoja, na lori la kuni likapita barabarani mpaka mlio wake ukaisha.

"Jumatatu?" akasema.

"Hasa Jumatatu."

Akafumba macho. Alipofumbua alikuwa anatabasamu kidogo. Nikajiona mshindi, lakini furaha yangu ina haraka, na fikra ikanijia nyuma yake: mimi mwenyewe sikujua jibu lilikuwa lipi. Wikendi nzima mtu anaweza kuitumia kutafuta maneno ya kukubali. Anaweza pia kuitumia kutafuta maneno mazuri ya kukataa.

"Na kama alikuwa amekataa, Mzee?"

Alifikiri. Jibu hili halikukwama sana.

"Ba-basi atakataa nikisikia."

Sikuelewa alichokusudia. Nilidhani atakatiza nyasi mchana kweupe. Badala yake aliomba ruhusa ya Ijumaa, akaenda kwao Mukurweini kuongea na kaka yake mkubwa. Muda si mrefu wazee wawili wenye makoti walionekana Karatina wakiulizia nyumbani kwao mkutubi, na mkutubi akawa anapita uwanjani bila kumwangalia mtu, na chumba chote cha walimu kikajua. Jina la utani lilipatikana siku hiyohiyo. Silisemi.

Nililelewa mjini katikati ya Wakikuyu, nasema lugha yao, lakini mambo yao ya posa sikuwa nimeyaona kwa karibu. Nilialikwa kwa sababu upande wa karani ulikuwa na wanawake wachache, na mtungi unahitaji mikono. Zamani ingekuwa pombe ya muratina, ila pande zote mbili ni watu wa kanisa, kwa hiyo tulibeba uji wa wimbi, mzito, mchachu. Tulipanda kilima cha kwao mkutubi, juu ya Karatina, na dada yake karani akanieleza njiani.

"Baba yake huyo madam atamuita. Atamuuliza kama anywe ama asinywe. Akisema anywe, maneno imekwisha. Akinyamaza, tunabeba mtungi wetu tunarudi."

"Mbele ya watu wote?"

"Sasa ungetaka mbele ya nani?"

"Na mwanamume anasema nini?"

"Mwanamume? Hasemi kitu. Watu wake ndio wanasema. Yeye ni kukaa tu."

Nilimtazama karani akipanda mbele yetu na koti lake la Jumapili, shingo imelowa jasho. Alikuwa anakwenda mahali ambapo wanaume wote hunyamaza, na kigugumizi chake hakitamkosesha kitu. Lakini pia alikuwa ameichukua ile aibu ambayo angeweza kuificha chini ya kitambaa cha vumbi, akaja nayo mbele ya wazee wa kilima kizima.

Sebule ilijaa. Wazee waliongea kwa mafumbo ya mbuzi na ya maua, wakachekana, wakarudi nyuma, wakaanza tena. Nilichoka mpaka nikataka kusimama na kuuliza mimi. Mwishowe baba yake mkutubi, mzee mwembamba aliyefungwa blanketi mabegani, akamiminiwa uji kwenye kibuyu. Akaagiza bintiye aitwe.

Aliingia na kitambaa kichwani, mrefu kuliko mlango. Hakumtazama karani. Karani alikuwa anaangalia sakafu katikati ya viatu vyake, na mkono wake ulikuwa unapiga paja ingawa hakuna aliyemwomba neno.

"Mwanangu," mzee akasema kwa Kikuyu, "hawa watu wamekuja na hiki kitu. Wanasema unawajua. Mimi kama simjui mtu sinywi chake. Niambie, ninywe ama niwarudishie?"

Mkutubi akanyamaza. Akanyamaza muda ambao mimi, kama ningeulizwa, ningekuwa nimeshajibu na kuosha vyombo. Kaka yake karani akakohoa. Mkono wa karani ukasimama.

Mkutubi akachukua kibuyu mikononi mwa baba yake, akaonja, akakirudisha. Kisha akamgeukia karani na kumtazama usoni, na akasema kwa ile sauti yake ya chini iliyosikika mpaka jikoni:

"Kunywa, Baba. Mimi nilisema mnywe tangu ile Jumatatu."

Wazee wakaulizana ni Jumatatu gani hiyo. Karani hakuulizwa, wala hakujaribu kusema. Alichukua kofia yake, akajifunika uso nayo, na mabega yake yakatikisika mpaka dada yake akaweka mtungi chini na kumshika.